Madishi ya Marui

Ukifika kwetu Marui, ndani ya Wilaya ya Kisarawe, utayaona madishi kabla hujaupata mlango. Moja limefungwa kwenye bomba la chuma pembeni ya ukuta, limelala kidogo, limetazama mbinguni. La pili liko upande mwingine wa nyumba, limesimama zaidi, limeelekea linakozama jua. La tatu halitazami popote. Liliteremshwa zamani, liko nyuma ya jiko, na mama hulianikia mbaazi na makopa ya muhogo. Anasema linapata joto upesi kuliko mkeka, na kuku hawalipandi kwa sababu linateleza.

Kwa nini yale mawili hayatazami upande mmoja, nilielezwa na fundi, nami baadaye nikaithibitisha habari yake kwenye ramani. Setilaiti za televisheni zinakaa juu ya mstari wa ikweta, karibu kilomita 36,000 kutoka ardhini, na zinazunguka sambamba na dunia inavyozunguka, ndiyo maana kwa dishi lililofungwa ukutani hazihami. Ile ya DStv ya ukanda wetu iko nyuzi 36 mashariki. Ukishuka nayo wima utatua maeneo ya Nakuru, Kenya. Sisi tuko karibu na nyuzi 39, kwa hiyo iko karibu utosini mwetu. Ya Azam iko nyuzi 7 mashariki, juu ya bahari jirani na kisiwa cha São Tomé, ng'ambo ya pili ya Afrika. Anayeitaka hiyo lazima ageukie magharibi.

Wageni kutoka mjini wakiyaona madishi yale huniambia kwetu mambo si haba. Si hivyo. Kila dishi liliwekwa na mtu mwingine kwa hoja nyingine, na aliyeshinda hoja ndiye aliyekuwa na kauli nyumbani kwa wakati ule. Watu wakizungumzia ving'amuzi huanza na bei na idadi ya chaneli. Kwetu bei ilikuja kuzungumzwa baadaye sana, na chaneli hakuna aliyewahi kuzihesabu.

Mwanzoni hapakuwa na cha kuchagua. Kulikuwa na redio ya baba, National, na stesheni moja, Redio Tanzania Dar es Salaam. Baba ndiye aliyeigusa, wengine tuliisikiliza. Betri zikichoka alizianika juani juu ya bati, zikapata nguvu ya kufikisha taarifa ya habari ya saa mbili usiku na Mazungumzo Baada ya Habari, kisha zikazima. Siku ya mpira wanaume walikusanyika chini ya mwembe kumsikiliza mtangazaji Ahmed Jongo au Charles Hilary, na sisi watoto wa kike tuliokuwa tukipita na ndoo za maji tulijua matokeo kwa kuwatazama nyuso. Wakiwa wameinamisha vichwa wote, basi ni sare. Mmoja akicheka na mwingine akitafuta viatu vyake, kuna timu imefungwa.

Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Huku Bara serikali iliiona kuwa ni anasa, ikabaki hivyo mpaka mwaka 1994, ndipo CTN, DTV na ITV walipoanza kurusha matangazo Dar es Salaam. Kwa mtu anayepeleka mananasi au mkaa sokoni, Dar si mbali na Marui. Ila mawimbi ya televisheni hayapandi lori. Yanakwenda kwa mstari mnyoofu, na kati yetu na minara ya jiji kuna vilima vya Pugu. Wenzetu wa Gongo la Mboto walikuwa wakibishana kama watazame ITV au DTV. Sisi tulikuwa tumeshaamuliwa na mlima.

Oktoba 1999, Mwalimu Nyerere alipofariki London, baba alitoka alfajiri kwenda Kisarawe mjini, akasimama nje ya duka na watu wengi kutazama kwenye televisheni mwili ukipokelewa uwanja wa ndege. Hakuwa mtu wa kusifia vitu vya kisasa. Aliporudi jioni mama alimuuliza ameona nini. Akasema, "Redio ilikuwa inatuambia watu wanalia. Leo nimewaona." Akala, akalala. Sijui kama ni siku hiyo alipoanza kuitaka televisheni, lakini maneno ya kwamba ni kitu cha kuharibu watoto sikuyasikia tena kwake.

Iliyoingia kwetu ililetwa na kaka kutoka Kariakoo, televisheni ndogo ya chogo, nyeusi na nyeupe, ya kutumia betri ya gari. Antena ilipandishwa juu ya mianzi iliyounganishwa, ikapita paa na kupita mkorosho. Picha ilikuwa chenga na kivuli. Msomaji wa habari alikuwa na vichwa viwili, kimoja kikichelewa kidogo. Betri ikiisha, kaka aliifunga kwenye karia ya baiskeli kwenda kuichajisha, na kama alikuwa na shughuli nyingine televisheni ililala wiki nzima. Hapo kaka ndiye aliyekuwa mwenye nyumba wa pili, maana baiskeli ilikuwa yake.

Wakati huohuo kulikuwa na kibanda umiza, banda la kuonyeshea video. Sisi wasichana hatukuingia. Tulisimama nje kwenye mwanya wa makuti tukachungulia. Mchana walionyesha filamu zilizotafsiriwa na Lufufu, ambaye maneno yake yalikuwa matamu kuliko filamu zenyewe, na usiku walionyesha mpira wa Ulaya kwa jenereta iliyokuwa ikinguruma nyuma. Mwenye kibanda ndiye mtu wa kwanza niliyemsikia akizungumzia kampuni za televisheni kwa undani, kwa kuwa mkate wake ulikuwa humo. Aliponunua dishi alikuwa anatafuta Arsenal na Manchester United, hana habari na kingine.

Na wenye vibanda walipata somo lao mapema kuliko sisi wengine. Mwaka 2007 ilikuja Gtv, ikiwa imenunua sehemu kubwa ya mechi za Ligi Kuu ya Uingereza kwa Afrika, kwa bei ambayo mtu wa kawaida angeweza kuifikiria. Watu wakahama. Januari 2009 kampuni ikafilisika, matangazo yakakatika katikati ya msimu, na ving'amuzi vikabaki mezani vinawaka taa tu. Tangu hapo mwenye kibanda wetu alikuwa na msemo wake kila alipomwona mtu na boksi jipya: "Umenunua boksi au umenunua mpira?" Alimaanisha kwamba king'amuzi ni bati na waya, chenye thamani ni mkataba wa mechi, na mkataba unaweza kuhama bila kukuaga. Nimesoma maelezo mengi ya wataalamu kuhusu biashara hii na bado sijapata la kuzidi hilo.

Mama alikuwa na mambo yake. Mwaka 2011 TBC ilianza kuonyesha tamthilia ya Kichina iliyotiwa sauti za Kiswahili, ya binti aitwaye Doudou na wakwe zake. Wanawake wa kwetu waliipenda kuliko nilivyotegemea. Mkwe wa Beijing anayechungulia sufuria ya mkazamwana, mume aliyekaa kati hajui aegemee wapi: hayo yote yalikuwa yanafanyika nyumba ya tatu kutoka kwetu. Walikuja kutazama kwetu na vigoda vyao, chenga na vyote. Rais wa China, Xi Jinping, alipohutubia Dar es Salaam Machi 2013, aliitaja tamthilia hiyo. Nilimpigia mama kumweleza. Akauliza kama amesema itarudi lini.

Alikuwa na sababu ya kuuliza, maana wakati huo televisheni yetu ilikuwa gizani. Usiku wa tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya analojia ya Dar es Salaam ilizimwa, nchi ikahamia dijitali, ya kwanza kufanya hivyo katika eneo letu. Dodoma, Tanga, Mwanza na miji mingine wakafuata miezi iliyofuata. Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilikuwa imetangaza weee, redioni na magazetini. Watu wa mjini walipanga foleni kununua ving'amuzi vya antena: StarTimes, waliokuwa wameungana na TBC, Ting, Digitek. Ilikuwa ni kubishana Kariakoo yote kipi kina chaneli zipi. Ila sisi ambao tulikuwa tunapata mabaki ya mawimbi ya Dar tuligundua tabia ya dijitali. Analojia ikiwa hafifu inakupa chenga na vichwa viwili. Dijitali ikiwa hafifu haikupi kitu. Mianzi yetu na mkorosho wetu havikusaidia. Skrini ilikuwa bluu kuanzia Januari. Kijijini watu walisema serikali imezima televisheni, na kwa upande wetu wa kilima hawakuwa wamekosea sana.

Dishi ndilo lililobaki. Dishi halijali mlima, linatazama juu ya mlima. Kaka, aliyekuwa ameshahamia Dar, alitafuta la bei ndogo akalipata kwa kampuni ambayo sitaitaja. Ndilo lile la mbaazi. Kwa muda lilifanya kazi vizuri, kisha chaneli zikaanza kupungua moja moja bila maelezo, na kila tukipiga simu tunaambiwa tuzime, tuwashe, tusubiri. Baba alizima, akawasha, akasubiri. Mwisho akaenda kulisogeza yeye mwenyewe kwa jembe, na hapo hata zilizokuwepo zikaondoka. Hatukulirekebisha. Baba akarudi kwenye redio yake, akisema angalau hiyo haimwombi ada.

Tarehe 20 Oktoba 2013 alikuwa chini ya mwembe na redio hiyo. Yanga walikuwa mbele 3–0 hadi mapumziko, baba, Yanga wa kufa, akawa anasambaza kahawa kwa watu ambao hawakuomba. Kipindi cha pili Simba wakarudisha yote, 3–3. Kaka, Simba, alikuwa Uwanja wa Taifa siku hiyo. Alipokuja Marui wiki iliyofuata, alisimulia mabao yale kwa mikono na miguu, na baba akawa anamkatalia: lile la pili haliwezi kuwa lilifungwa hivyo, redioni walisema vingine. Walibishana mpaka usiku juu ya kitu ambacho mmoja alikiona na mwingine alikisikia. Mwisho baba akasema, "Basi mimi nataka kuona." Kwa baba, hilo lilikuwa tamko.

Desemba 2013 Azam TV ilianza. Kampuni ya Said Salim Bakhresa, ambaye tayari alikuwa kwenye unga wetu, juisi yetu na ligi yetu, sasa ikaingia ukutani. Na ilikuja na kitu ambacho hakuna mwingine alikuwa nacho: Ligi Kuu ya hapa nyumbani, kila wiki, na kamera zilizokwenda viwanja vya Kaitaba na Sokoine, si Taifa peke yake. Wengine wote walikuwa wakiuza mpira wa watu wengine. Hapo mjadala wa king'amuzi gani ulikwisha kwa nyumba nyingi za Pwani kabla haujaanza, na yetu ikiwemo.

Fundi alikuja na pikipiki, dishi limefungwa mgongoni mwake kwa mpira wa kufungia mizigo. Alikuwa kijana mdogo. Alimwamkia mama shikamoo, akaitikiwa, akaomba kigoda na kamba. Nilikuwa nyumbani likizo, nikapewa kazi ya kusoma namba. Kwenye skrini kuna mistari miwili, mmoja wa nguvu ya mawimbi na mwingine wa ubora, na huo wa ubora ndio wenye maana. Ule wa nguvu utakupandia hata dishi likitazama mnazi. Yeye yuko nje ukutani analisogeza dishi upana wa kucha, mimi niko ndani napiga kelele.

"Ngapi?"

"Sifuri!"

"Sasa?"

"Sifuri bado!"

"Sasa hivi?"

"Kumi na nane. Imeondoka!"

"Usiseme imeondoka, sema namba, dada!"

Baba alikuwa amekaa katikati, mlangoni, anapeleka ujumbe ambao wote tulikuwa tumeshausikia. Ilipofika sitini na kitu, fundi akakaza nati, na katika kukaza dishi likacheza, ikarudi sifuri. Aliomba maji. Alisogeza tena, safari hii akakizungusha na kile kichwa cha mbele ya dishi kidogo kwenye kishikio chake, ubora ukapanda mpaka nikaogopa kuutamka. Akakaza nati zote kwa zamu, kila moja robo mzunguko, bila kuzungumza na mtu. Alikuwa amejifunza kazi hiyo Mbagala, akaniambia baadaye, kwa kubeba vifaa vya fundi mwingine.

Jambo lililomshtua baba halikuwa picha. Miaka michache baadaye Charles Hilary, ambaye baba alimsikiliza RTD kisha akampoteza alipokwenda Ulaya kutangaza, alirudi nchini akawa Azam. Baba alimsikia kabla hajamwona, yuko uani anachonga mpini. Akaingia ndani na panga mkononi. "Huyu ni Hilary," akasema, akasimama kumtazama uso kwa muda mrefu. Nadhani alikuwa amejichorea mtu mwingine kabisa.

Umeme wa REA, wakala wa nishati vijijini, ulipofika kijijini, ile chogo ikastaafu, kaka akaleta flati. Pamoja na flati akaleta lile dishi lililotazama mbinguni. Hoja yake ilikuwa kwamba akija wikiendi hana pa kuangalia Ligi ya Uingereza, na shemeji naye alikuwa hakosi Huba kwenye Maisha Magic Bongo. Baba hakupinga, alisema tu asiyelipia asiguse rimoti ya mwenzake. Nyumba ikawa na rimoti mbili, na kila moja ikawa na chama.

Mama ndiye aliyegundua faida ya madishi mawili ambayo hakuna tangazo linaloitaja. Mvua nzito inakata mawimbi ya aina hii. Picha inavunjika vipande vya mraba, sauti inakwaruza, kisha hakuna. Lakini njia ya mawimbi ya Azam inakuja kwa mshazari kutoka magharibi, inapita angani juu ya mashamba ya watu kabla ya kufika kwetu, na ile ya DStv inashuka karibu wima. Kwa hiyo wingu zito likiwa upande wa machweo, halijatufikia, Azam inavunjika kwanza. Mama akiona hivyo alikuwa hasemi neno, anatoka kwenda kuanua makopa. Watoto waliokuwa wakitazama wanalalamika, yeye yuko uani anakunja mkeka, na baada ya muda mfupi mvua inashuka.

Mwaka 2018 yakaja ya TCRA tena. Agosti mwaka huo iliagiza kwamba DStv, Azam na Zuku waondoe chaneli za bure za hapa nyumbani, ITV na wenzake, kwa sababu leseni zao hazikuwaruhusu kuzionyesha kwa watu wanaolipia. Sheria ilikuwa na mantiki yake: cha bure kisiuzwe. Ila fikiria mtu wa Marui. Ving'amuzi vilivyoruhusiwa kubeba chaneli hizo vilikuwa vile vya antena hasa, na antena kwetu mlima ulishaikataa. Jioni moja tukawa na madishi mawili yanayofanya kazi, mpira wa Uingereza, mpira wa Bara, tamthilia za Kituruki, na hatuna ITV. Baba aliyezoea kufunga siku kwa taarifa ya habari alirudi tena kuanika betri. Sikuwahi kuelewa kwa nini mwananchi aliyelipa ndiye aliyeadhibiwa kwa leseni ya mtu mwingine, na sijaelewa mpaka leo. Baadaye taratibu zilibadilishwa, chaneli zikarudi.

Baba alifariki mwaka 2020. Msiba ulikuwa mkubwa, televisheni ikafunikwa kitambaa, arobaini ikapita, eda ikaendelea. Vifurushi vyote viliisha vyenyewe na hakuna aliyeulizia. Kaka alikuwa na majukumu yake mjini, mimi na yangu. Nilidhani ndiyo basi.

Eda ilipoisha mama alinipigia simu. Baada ya salamu za kutosha akauliza, "Hivi hii inalipiwaje?" Nilimwambia nitamlipia. Akasema hapana, hajaniomba nilipie, ameuliza inalipiwaje. Nikamwelekeza: piga *150*00#, chagua malipo, weka namba ya king'amuzi, iko chini yake kwenye karatasi nyeupe, weka kiasi, weka namba ya siri. Alimwita mjukuu amsomee karatasi, lakini vidole vilikuwa vyake. Fedha ilikuwa ya korosho. Kwa miaka yote ile alikuwa akitazama kilichobaki baada ya baba kumaliza habari na kaka kumaliza mpira. M-Pesa ilikuwepo nchini tangu 2008, na yeye alikuwa na laini, ila hakuna aliyewahi kumwonyesha kwamba namba ile ya kwenye karatasi inampokea mtu yeyote.

Akailipia Azam, DStv akaiacha. Sababu alinieleza bila kuzunguka: Sultan ilikuwa Azam. Tamthilia ile ya Kituruki ya Sultan Suleiman na Hurrem wake, iliyotiwa sauti za Kiswahili, ilikuwa imewashika wanawake wa Pwani kuliko hata Doudou, na alitaka kubaki kwenye king'amuzi chenye mambo ya namna hiyo. Lakini alikuwa pia na hesabu nyingine ambayo kaka hakuitegemea. Mei 2021 Azam Media na TFF, shirikisho la soka nchini, walisaini mkataba wa miaka 10 wa Ligi Kuu, wa shilingi bilioni 225.6. Mama alisikia habari hiyo, akaniambia, "Basi mpira wa baba yenu hauhami leo wala kesho." Mwenye kibanda angempa mkono.

Kaka alijaribu kukata rufaa. Alikuja na hoja za ubora wa picha, za Ligi ya Mabingwa, za watangazaji wa Kiswahili ambao DStv nao wameshawaweka. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akamuuliza kama atalipia kila mwezi au ile miezi anayokuja tu. Mada ikafungwa. Novemba 5, 2023, Yanga walipowafunga Simba 5–1, kaka alikuwa Marui. Bao la nne lilipoingia akasema anakwenda kuangalia gari. Mama, Yanga wa kurithi, hakushangilia. Aliongeza sauti tu, ili huko kwenye gari asikose kitu.

Siku hizi vijana wanasema dishi ni la wazee. Wana simu, wana bando, wanatazama mechi kwenye kiganja kupitia programu za kampuni hizohizo, au vipande vya mabao vinavyozunguka WhatsApp kabla mchezaji hajamaliza kushangilia. Mtandao wa Marui unategemea umesimama wapi. Kuna jiwe karibu na njia ya kwenda shule ambalo jioni halikosi watu wanne, vichwa vimeinama. Bando nalo linaisha dakika ya sabini. Kwa hiyo kibanda umiza, ambacho nilidhani kimekufa, kimefufuka, safari hii kina skrini kubwa na viti vya plastiki, na wasichana wanaingia. Mechi za Ulaya zinalipwa na watu hamsini kwa mia tano mia tano, hesabu ambayo nyumba moja haiiwezi.

Mpwa wangu, huyohuyo aliyesoma namba kwenye karatasi, ni Arsenal. Mwezi uliopita alimwendea bibi yake kwa adabu zote, akamchotea maji kwanza, akamwambia lile dishi la juu bado zima, ni kulipia tu, na king'amuzi kipo kabatini. Bibi akamuuliza kiasi. Akamtajia. Bibi akanigeukia mimi, si yeye.

"Mwambie mwenzio," akasema, "hao Arsenal wake ndio wamlipie."